Mguu wa Mtoto wa Askale

Hamle 1

Nimeapa. Kuanzia leo sifungui ukurasa wa Rediet, si kwa simu yangu, si kwa simu ya mtu mwingine. Naandika hapa kwa sababu nikiapa kwa mdomo tu huwa najisamehe kabla ya chakula cha mchana.

Na huyo Rediet ni nani hata aniharibie asubuhi zangu? Ni binti niliyemwajiri akiwa hajui hata kushika mkasi wa kukatia kitovu. Nimemfundisha mimi, nimemkaripia mimi, amekula injera yangu. Akaondoka na asante ya midomoni, akafungua kliniki yake barabara kuu, ya vioo kuanzia juu mpaka chini, na sasa nusu ya Debre Birhan inamfuata mtandaoni. Kila siku anajipiga picha na koti jeupe lisilo na hata tone la iodini. Mkunga gani asiye na doa? Koti langu mimi halihitaji maelezo.

Mvua kubwa za mwezi huu wa Hamle zimeanza. Kwenye kliniki yangu wamekuja wajawazito wawili leo. Mmoja alikuwa anauliza njia ya kwenda kwa Rediet.

Hamle 3

Ukungu mpaka mlangoni. Sikufungua.

Hamle 6

Nimeufungua ukurasa wa Rediet. Wa kulaumiwa ni Mulunesh. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimemweka mapokezi, na kazi yake kubwa ni kuniletea kahawa na habari za kunichoma roho. Anaweka kikombe mezani, anainua simu, anasema, "Umeona?" Kila asubuhi ya Mungu. Umeona Rediet amenunua mashine ya kupiga picha ya tumbo? Umeona Rediet kaalikwa redioni?

Leo ilikuwa video. Mwanamke anaruhusiwa kwenda nyumbani, Rediet anamkabidhi maua na puto. Mwanamke wa watu ameshonwa nyuzi kadhaa, hajui atakaa vipi kwenye gari, anapewa puto! Mtoto mwenyewe haonekani hata kucha. Rediet si mjinga, anajua kwetu mtoto haonyeshwi kabla ya kubatizwa, wa kiume siku arobaini, wa kike themanini. Anaonyesha maua, anaonyesha meno yake. Watu wanamwagia mioyo myekundu kama wehu.

Nikaitazama mara ya pili ili nihakikishe kwamba ni upuuzi. Halafu ya tatu.

Hamle 9

Askale amekuja, kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, amejifunika shuka zito la pamba mpaka puani. Ana mimba ya miezi minane na ushei na mtaa mzima haujui. Nyumba yao ni ya nne kutoka hapa. Mumewe, Demissew, ni dereva wa lori. Watoto watatu wamewatoka: wawili walizaliwa kimya, wa tatu aliishi siku tisa. Walizaliwa kwingine, si kwangu, na nina maoni yangu kuhusu huko kwingine lakini leo sina nguvu ya kuyaandika.

Mama mkwe wake, Bi Tiruwork, anasema watoto waliliwa na macho ya watu. Mimi siamini kwamba jicho linaua. Presha inaua, uchafu unaua, kuchelewa kunaua. Lakini nimezaliwa hapa hapa, na mamangu alinificha mimi vile vile, basi mdomo wangu nimeufunga.

Nilipomaliza kumpima aliushika mkono wangu, akaniambia, "Sista, nakuomba moja tu. Nisizungumzwe. Mengine yote nimekuachia wewe." Nikamwahidi. Hakuna ahadi iliyowahi kuwa nyepesi namna ile.

Hamle 14

Sikufungua. Kichwa kinauma tangu asubuhi.

Hamle 19

Nimegombana na Mulunesh mpaka paka akatoka nje mvuani.

Yeye ndiye aliyeanza. Rediet ametoa video mpya, anaeleza jinsi mama mjamzito anavyoweza kuijua kliniki iliyopitwa na wakati. Kuta za rangi ya kijani. Pazia la kitambaa badala ya mlango. "Mkunga anayekufokea." Hakutaja jina. Ana haja gani ya kutaja jina? Kuta zangu ni za kijani, pazia ni la kitambaa, na kufoka nafoka. Mwanamke akiambiwa asisukume naye anasukuma, nimwimbie?

Mulunesh akasema badala ya kununa nifungue ukurasa wangu. Akasema watu wa siku hizi hawajui kama upo mpaka wakuone kwenye simu. Nikamwambia nimewazalisha wengi wa hao watu wa siku hizi, na mamazao. Akanijibu, "Basi wako wapi?" Akanyoosha kidole kwenye benchi. Benchi lilikuwa tupu.

Ningempiga kofi kama asingekuwa na haki.

Jioni tukafungua ukurasa. Tukaweka picha ya mashine ya presha. Waliopenda ni watatu: Mulunesh, binamu yetu aliye Dubai, na mtu anayeuza viatu.

Hamle 20

Wanne.

Hamle 24

Nimeamka nikashika simu kabla ya kusali. Rediet ameweka picha ya kiatu chake kipya kando ya kitanda cha kujifungulia. Kiatu! Namchukia kwa moyo mweupe kabisa, na nimeangalia kimependwa na wangapi.

Hamle 28

Askale amejifungua. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye hasira.

Uchungu ulimshika alfajiri. Walimleta kwa njia ya uani, yeye katikati, Demissew upande huu, Bi Tiruwork upande ule. Bibi akakaa kwenye kigoda mlangoni na kisu kidogo cha chuma mapajani, cha kumlinda mzazi, akanionya kwamba akizaliwa wa kike au wa kiume hataki kigelegele hata kimoja. Kwetu wa kiume anapigiwa saba. Mtaa ungejua.

Mvua ya mawe ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilikuwa namfokea Askale nisikike tu, na yeye ananifokea mimi. Presha yake ilipanda, nikaishusha. Bega la mtoto likakwama, nikaingiza mkono, nikaligeuza. Kisha akatoka. Akalia. Bi Tiruwork akajiziba mdomo kwa viganja viwili ili kigelegele kisimtoke, mabega yakawa yanatetemeka. Demissew alikuwa ukutani uani, analowa, hakuthubutu kuuliza. Nilimwonyesha kidole gumba juu, basi.

Askale alilala papo hapo. Bibi akaenda kukoroga uji mzito wa shayiri na siagi. Nikabaki na mtoto, mguu wake kwenye kiganja changu, vidole vimejikunja. Ulikuwa mguu mzuri. Nikatoa simu, nikapiga picha.

Hamle 29

Wameondoka na mtoto kabla ya watu kuamka.

Nimeiweka picha kwenye ukurasa wetu. Mguu tu na mkono wangu, basi. Uso hauonekani, jina sikutaja. Nimeandika: Karibu, wewe uliyepigana. Mulunesh aliitazama akasema, "Umemwuliza Askale?" Nikamwambia mguu ni mguu, mguu hauna mwenyewe. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, lakini kwa mara ya kwanza mwaka huu hakunitajia Rediet.

Hamle 30

Elfu mbili na ushei! Na inaendelea. Watu wananiandikia kutoka Addis, kutoka Marekani. "Mikono ya mama." "Huyu ndiye aliyetuzalisha mimi na dada zangu." Nimesoma yote. Mchana nilisahau kula. Nikamtafuta Rediet kwenye orodha ya walioipenda, hakuwemo, na hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Mulunesh anasema amepiga simu mama mmoja kutoka mtaa wa juu, anataka kujiandikisha. Nimevaa koti safi.

Nehase 1

Sijui nianzie wapi.

Leo ni siku ya tatu ya mtoto. Siku ya tatu huwa naenda nyumbani kwa mzazi. Namtoa mtoto mpaka kizingitini penye mwanga, kwa sababu wazazi wetu wanakaa gizani, madirisha yamefungwa, na gizani watoto wote wana rangi moja. Nambonyeza pua kwa kidole, natazama ngozi inarudi na rangi gani. Nimefanya hivyo kwa kila mtoto.

Nikabeba mfuko, nikaenda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha, nikajitaja. Bi Tiruwork akajibu bila kufungua. Alisema wanawake watatu walikuja kumpongeza leo asubuhi wakiwa na mikate mikononi. Wameona mguu wa mjukuu wake kwenye simu.

Nikasema mguu haukuwa na jina. Nilisema hivyo, nimesimama kwenye matope, mtu mzima.

Bibi akasema, "Nani mwingine aliyezaa kwako wiki hii, Sista? Taja mmoja."

Sikuwa na wa kumtaja. Ndiyo ilivyo. Kama kliniki yangu ingekuwa na watu, mguu ule ungekuwa wa yeyote. Kwa Rediet wanazaa kila siku, usingejua ni wa nani. Kwangu alizaa mmoja, na mji mzima unaweza kuhesabu mpaka moja.

Nilirudi nikasoma maoni yale ambayo jana niliyapita kwa furaha. Yalikuwemo, wazi kabisa. Mmoja kauliza, kumbe bado watu wanazalia kule? Mwingine kajibu, yuko mmoja, mke wa yule dereva wa lori, yule anayefiwa na watoto. Chini yake mioyo myekundu.

Nimeifuta. Mulunesh anasema wengine wameshaichukua na kuiweka kwao.

Nehase 2

Nimerudi. Hawakufungua. Nilimsikia Askale ndani. Nikaita, "Askale, nimwone mtoto tu, halafu nitukane." Akaacha kuzungumza, basi.

Nehase 3

Mvua. Mama wa mtaa wa juu hakuja kujiandikisha.

Nehase 4

Saa sita mchana Demissew alinipigia simu, amesimama nyuma ya lori lake ili mamake asimsikie. Mtoto hanyonyi. Analala tu, ukimwamsha analala tena. Mama anasema macho yamempata na anamfukizia dawa. Nikamwuliza mtoto ana rangi gani. Akasema hajui, nyumba ni giza.

Mimi nilijua. Ningekuwa nimejua tangu siku ya tatu, pale kizingitini. Mtoto ana manjano ya watoto wachanga, na manjano yakipanda kichwani hayangoji mtu aombe radhi. Nikamwambia ambebe akimbie naye hospitali. Akasema mamake amesimama mlangoni na kisu, na Askale hataki kusikia neno lolote lililotoka kinywani mwangu. "Sista, wakijua nimekupigia, ndiyo basi."

Nilikaa. Si kwa muda mrefu. Nilikuwa namtafuta mtu mwingine kichwani, yeyote yule, mzee wa kanisa, daktari, jirani, na kila niliyemfikiria angehitaji siku nzima kuwashawishi. Mtu ambaye wangemfungulia mlango papo hapo alikuwa mmoja, na wangemfungulia kwa sababu mji mzima unajua hatupatani.

Nikaenda kwa Rediet kwa miguu, nikikimbia inapowezekana. Binti wa mapokezi akaniuliza kama nina miadi. Nilikuwa nachuruzika maji kwenye sakafu yake ya kung'aa, wajawazito sita wananitazama, wengine wananifahamu. Rediet akatoka. Ananyoa nyusi siku hizi. Sikuomba tuingie ndani. Nilimwambia yote pale pale mbele ya watu, mtoto, siku ngapi, hanyonyi, wamenifungia mlango.

Akauliza, "Siku ya tatu hukumwona?"

"Sikumwona."

"Kwa ajili ya ile picha."

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha watu kutosikia, "Mimi nilisahau siku ya tatu mara moja tu, Sista Yeshi. Ulinisimamisha mbele ya wazazi wote ukaniita muuaji."

Ni kweli. Nilimwita. Na ningemwita tena.

Tayari alikuwa anavua viatu vyake vya mjini, anavaa vya mpira. Nikachukua mfuko wangu nimfuate. Akanizuia mlangoni. "Wewe kaa hapa. Wakikuona wewe, mtoto hatoki." Akaondoka na gari.

Nikakaa kwenye kiti chake cheupe chini ya maputo. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akasogea kidogo. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Rediet kwenye kiti kile, na sijawahi kumwombea mtu namna ile nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Walimfungulia. Alimtoa mtoto mpaka kizingitini, akamwonyesha Askale rangi yake kwenye mwanga, na Askale mwenyewe akamsukuma mama mkwe wake. Nilisikia haya kwa Demissew. Rediet alinipigia mara moja tu, akasema mtoto yuko hospitali kubwa chini ya taa za kutibu manjano, wamewahi kwa chupuchupu, kisha akakata.

Nehase 5

Kahawa. Mulunesh hakuonja yake. "Umeona?" akasema, lakini safari hii kwa sauti ya mtu anayeogopa. Rediet ameandika kuhusu jana. Ni maandishi marefu, na watu wengi wamejibu.

Nikamwuliza kama mtoto anatajwa. Akasema la. Nikamwuliza kama mimi natajwa. Akafungua mdomo anisomee, nikaunyanyua mkono. Nilitaka kujua kama mgonjwa anavyotaka maji. Anaweza kuwa amenivua nguo mbele ya mji mzima, na ana haki. Anaweza kuwa amenisitiri, na hilo ndilo lingenimaliza. Nikamwambia Mulunesh akifungua mdomo kuhusu ukurasa ule tena atatafuta kazi kwa mwenye ukurasa. Kisha tukafuta wetu, mashine ya presha na vyote.

Sijui Rediet aliandika nini. Naandika mapema ili nisijidanganye baadaye kwamba sikujali.

Nehase 11

Demissew kasema mtoto amerudi nyumbani, ananyonya. Hakukaa. Nililia chumba cha kupigia sindano, mlango nimeufunga. Kile chumba chenye mlango.

Nehase 13

Vijana wa sikukuu ya Buhe wamepita na fimbo zao wakiimba kila nyumba. Kwangu waliimba ubeti mmoja tu, wakachukua mkate, wakaenda. Hata wao.

Nehase 23

Wanawake wa mtaa wakifika kwangu wanavuka barabara. Mmoja alivuka akaingia tope mpaka ugoko. Sikucheka. Nilicheka kidogo.

Sijafungua. Mkono bado unakwenda mfukoni wenyewe, hasa benchi likiwa tupu. Nikiona hivyo nachemsha vyombo. Nimechemsha vyombo safi mara nyingi kuliko mkunga yeyote katika nchi hii.

Pagume 3

Mvua ya Mtakatifu Rufaeli, katika mwezi wetu huu mfupi wa siku tano. Mtaa mzima uko nje unalowa ili ubarikiwe. Mulunesh kanivuta mkono. Nililowa, nikapata mafua.

Meskerem 3

Arobaini ya mtoto wa Askale, siku ya ubatizo. Niliwaona wakienda kanisani alfajiri, shuka nyeupe, Bi Tiruwork mbele. Sikualikwa. Kwa kawaida mkunga hupewa kiti karibu na mama. Safari hii nilisimama nyuma ya pazia langu la kitambaa kama mwizi, na walipokuwa wanarudi vigelegele vilipigwa, vyote saba na vya ziada, vilivyokuwa vimesubiri tangu siku ile ya mvua ya mawe.

Meskerem 8

Mvua zimekwisha. Maua ya manjano yameota mpaka kwenye mtaro.

Saa nne Askale ameingia kwa mlango wa mbele. Hakujifunika. Mtoto kifuani, uso wazi, mashavu kama mikate. Mulunesh akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Amefikia siku za chanjo," Askale akasema.

Nikasema karibu. Halafu, kwa ujinga wangu, nikasema hata kwa Rediet wanachanja, tena vizuri.

"Najua. Nimetoka huko. Nilikaa kwenye foleni, nikaondoka." Alikuwa ananitazama usoni, macho makavu. "Nimechoka kukuchukia kwa mbali, Sista. Nataka nikuchukie nikiwa nakuona."

Akanyoosha mkono. Nikaelewa, nikampa simu. Akaikalia.

Nimemchanja. Askale hakuyaondoa macho yake mikononi mwangu hata mara moja. Mtoto alilia kwa hasira ile ile aliyozaliwa nayo, mguu wake ukanipiga kifuani, nikaushika ili usitikisike, nikauachia haraka. Nikambonyeza pua. Rangi ikarudi nzuri.

Nikachukua kadi. Nikauliza anaitwa nani.

Askale akamfunika mtoto sikio kwa kiganja. "Andika mtoto wa Askale."

"Askale, kadi inataka jina."

"Jina lake utaambiwa na yeye mwenyewe, akishajua kusema. Akitaka."

Alinirudishia simu, ina joto. Nikamwambia chanjo nyingine ni baada ya mwezi. Akasema ataona. Akatoka kwa mlango wa mbele.

Nimempokea duniani mimi, nimemkata kitovu mimi, ana siku arobaini na tano na mtaa wote unamwita kwa jina lake. Nimemwambia Mulunesh asinitajie hata akilisikia. Nitamngoja mwenyewe.